Nguruwe wa Langoni kwa Mwenyekiti

Asubuhi ya siku ya soko, Mama Banda alimlaza nguruwe wake jike mkubwa ubavu, akamkalia begani na kumpenyeza kijiti kati ya meno. Mchinjaji akauviringisha ulimi kwa kitambaa, akauvuta nje na kuupapasa chini kwa kidole gumba. Punje zilikuwepo, nyeupe na ngumu, kama mchele uliopungukiwa maji jikoni. Wanunuzi wote wa mtaa ule walipima hivyo, na wote walifanya vilevile: wakiona punje wanasonya, wanashusha bei, kisha mnyama wanamchukua. Mchinjaji alisonya, akashusha bei, akamchukua. Kufika adhuhuri nyama ilikuwa imekwisha buchani.

Jioni jike alirudi. Alikuja na barabara kubwa, mzima wa viungo vyote, na mstari mwembamba shingoni pale kisu kilipopita. Alilipita banda lake bila hata kugeuza sikio, na hilo lilimuuma Mama Banda, maana alimlea kwa chupa. Akaenda kulala mbele ya lango la Mwenyekiti wa mtaa, pua imeelekea ndani. Watu walifunua masufuria yao, wakakuta nyama ipo kama walivyoiacha, basi wakala.

Soko lililofuata walirudi wengine, wa mabanda mengine. Waliokuwa safi walichinjwa wakatulia kama nguruwe wenye adabu zao. Waliorudi ni wale wa punje tu. Hawakula, hawakunuka, hawakumsumbua mtu. Mchinjaji, ambaye hapendi kuona mali imelala, alijaribu kumchinja mmoja mara ya pili, lakini kisu kilipita kana kwamba anakata maji. Akafuta kisu, akasema biashara ya marehemu haina faida, akarudi buchani.

Ubaya ni kwamba mtaa ulikuwa umeshapata mkosaji. Mdogo wake Mama Banda alikuwa na kifafa. Alianza kuanguka akiwa binti mkubwa tayari, na safari moja aliangukia jiko, mkono ukaungua mpaka kiwiko. Watu wakasema ni minyoo ya lile banda, imemtambaa dada wa watu mpaka kichwani. Kwamba maskini hajawahi kuonja nyama ya nguruwe tangu azaliwe, hilo hawakulitia maanani. Kamati ikakaa, Mwenyekiti akiwa kitini, ikaamua banda livunjwe baada ya mavuno. Na vidonge vya kifafa vilinunuliwa kwa fedha ya nguruwe wa banda hilo hilo. Bila banda hakuna vidonge, na bila vidonge mdogo mtu angeanguka kila siku, jiko liwepo lisiwepo. Mama Banda hakulala vizuri tangu siku ile.

Bwana Mifugo alipopita, aliwasalimia waliokuwepo langoni, akawapapasa marehemu ndimi mmoja mmoja, kisha akaufuata ukuta wa Mwenyekiti mpaka nyuma. Huko alikuta bomba. Lilitoka kwenye choo cha Mwenyekiti, choo cha kuvuta, cha vigae mpaka juu, likamwaga kila kitu mtaroni. Mtaro huo ndio uliomwagilia bustani za mboga. Na kwa kuwa watu wa pale hufunga nguruwe wakati mazao yako shambani tu, wakishavuna huwafungulia, nao hushinda mtaroni humo humo.

Aliwaeleza taratibu. Mtu akila nyama yenye punje kabla haijaiva, mnyoo wa tegu humkulia tumboni, na mayai yake hutoka chooni. Nguruwe akiyala anapata punje mwilini. Mtu naye akiyameza, kwa mboga isiyooshwa vizuri au mkono mchafu, punje zinaweza kumkaa kwenye ubongo, akaanza kuanguka. Dawa ya tegu ipo, ni vidonge vya kumeza tu. Na bomba lichimbiwe shimo.

Hakuna aliyeshangaa. Mtaa mzima ulijua Mwenyekiti anaipenda nyama ya nguruwe ikiwa bado inalia. Kilichobaki ni nani atamfunga paka kengele, na kila aliyetazamwa alikumbuka ana sufuria motoni. Akaenda Mama Banda.

Alipiga hodi, akamkuta Mwenyekiti sebuleni, akaamkia, akaviweka vidonge vya tegu mezani. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Siku ile ya jiko, ni yeye aliyetoa gari la kumpeleka mdogo mtu hospitali. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwagizia chai.

"Mama Banda," akasema kwa upole, "mimi nina choo cha kuvuta. Mwenye minyoo ni mtu wa kuchutama."

"Mzee, ukivuta inakwenda wapi?"

"Inakwenda."

Akavifunika vidonge kwa kitambaa cha meza, akamuuliza hali ya mgonjwa.

Kamati ilikaa tena. Ikaona kwamba jike wa kwanza alitoka kwa Mama Banda, kwa hiyo usafi wa langoni ni juu yake. Amri ya kuvunja banda ilibaki palepale. Mwenyekiti alifunga taa juu ya lango ili wageni wasijikwae, na watu wakampongeza kwa moyo wa kujitolea. Mwenye nguvu mpishe.

Basi kila jioni mdogo mtu alifagia langoni na kuwawekea nguruwe maji. Dada yake alimwambia maiti hawanywi. Alijibu anajua, ila ni vibaya kupita kwa watu mikono mitupu.

Siku moja ndoo ilimponyoka. Mama Banda alikuwa ng'ambo ya barabara, akaona macho ya mdogo wake yakipanda juu, akatupa ufagio, akakimbia. Hakuwahi. Lakini yule jike mkubwa alijisogeza, akaweka tumbo pale kichwa kilipokuwa kinakwenda kugonga sakafu ya saruji, na wengine wakambana mbavuni asibingirike. Mama Banda akapiga magoti, akamgeuza ubavu, akamfuta povu kwa upindo wa kanga, akangoja. Alilia, wala hakuficha.

"Nimeumia, dada?" mdogo mtu aliuliza fahamu zilipomrudia.

"Hujaumia. Wamekudaka."

Akamkuna jike nyuma ya sikio, kama zamani za chupa, na jike safari hii alimtazama. Walikaa hapo chini ya taa, wote pamoja, wakisubiri miguu ipate nguvu.

Ndani ya ukuta mtu alivuta maji chooni. Nguruwe wote wakainua masikio, wakayasikiliza yakishuka bombani mpaka yalipoingia mtaroni, kisha wakalaza vichwa tena.