Dipstiki Mpya

Mume wangu alipopooza upande mmoja, ulimi wake nao ulipunguza mwendo. Maneno yote yalikuwa bado kichwani, ila yalitoka kwa tabu, moja moja, na ilikubidi ungoje. Kitinda mimba wetu, binti, alijua kungoja. Alikuwa akivuta stuli mbele ya baba yake, anakaa, anashona hata kifungo, mpaka sentensi ifike mwisho. Kaka yake, kifungua mimba wetu, anauza vipuri, na mtaa mzima unamwita Spea. Naye anampenda baba yake, tena sana, lakini subira hana. Mzee akianza neno, yeye anammalizia.

Lori la mume wangu lilikuwa ndilo tegemeo letu. Mzee alipougua, binti yangu alishika usukani, akawa anabeba magunia ya unga kutoka kiwandani hadi madukani. Siku za kliniki alimfunga baba yake mkanda kwenye kiti cha mbele, akampeleka kwa mtaalamu aliyekuwa akimfundisha kusema upya. Lori likisimama, chakula kinasimama na kliniki inasimama.

Asubuhi moja binti alifungua boneti apime oili ya giaboksi. Dipstiki yenyewe ni kachuma kembamba kanakochomekwa ndani ya bomba. Kalikuwa kameliwa na kutu. Alipokavuta, kakakatika, kishikio kikabaki mkononi. Akaziba mdomo wa bomba kwa kitambaa safi ili vumbi lisiingie, akampigia kaka yake.

"Usihangaike, mdogo wangu. Ninayo mpya dukani, ya lori hilo hilo. Nakuja mwenyewe."

Akaja kweli, akaacha wateja wake. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa watoto wanaosaidiana. Binti alikuwa amekwenda kiwandani kuwaeleza kwamba mzigo utachelewa. Mzee tulimkalisha barazani, karibu na lori, apate kuona.

Spea alichomoa kipande kilichokatika kwa koleo, akakitupa, akachomeka mpya. Akawasha injini, akaiacha ipate moto, halafu akachomoa dipstiki na kuitazama.

"Mama, njoo uone maajabu! Oili imepita alama. Huyu dada anajaza giaboksi kama anajaza pipa la maji."

Akazima injini, akaingia chini ya lori na beseni, akaanza kupunguza oili.

Hapo mzee akaanza kuhangaika. Aliinua mkono mzima, akaonyesha ile dipstiki, kisha akapima urefu hewani kwa vidole, mara hivi, mara hivi.

"Hii... hii si..."

"Si ile ya zamani, Baba, ndiyo," Spea alijibu kutoka chini ya lori. "Hii mpya, imetoka kwenye karatasi yake leo."

"Si... ya..."

"Mwache amalize," nilisema. "Baba yako ana jambo."

"Mama, anaililia ile ya zamani. Si unamjua? Hata ndala zake zikikatika, ukizitupa anaweka matanga." Akatoka chini ya lori, akajipangusa mikono, akambusu baba yake kichwani. "Tulia, mzee wangu. Uko mikononi mwa mwanao."

Mume wangu akanigeukia mimi. Nikavuta stuli, nikakaa, nikangoja. Lakini kilio kilikuwa kimemkaba, na ulimi kama wake ukikutana na kilio hufungika kabisa. Nilipata neno moja tu: "Ndefu." Nikampelekea Spea.

"Ndefu ndiyo, Mama. Ile nyingine si imeliwa na kutu?"

Binti aliporudi alimshukuru kaka yake, akapakia magunia.

Lori halikumaliza wiki. Kwenye mlima wa kuingia sokoni, lori likiwa na mzigo, injini ilinguruma lakini magurudumu hayakusogea. Halafu moshi. Watu walikimbilia kuweka mawe nyuma ya matairi, na manyunyu yalipoanza, muuza mboga mmoja alivua turubai la meza yake akafunika magunia yetu. Mboga zake zikalowa. Fundi alipofungua giaboksi alisema imeungua, oili ilikuwa chini mno.

"Chini vipi?" binti aliuliza. "Jana nimepima, imejaa!"

Alirudi nyumbani kwa miguu, unga umeganda kwenye nyusi. Hakumpigia kaka yake. Alivuta stuli.

"Baba, niambie."

Nilileta chai, ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena. Kidogo kidogo yakatoka yote. Giaboksi ya kwanza ilikufa zamani, mzee akafunga ya lori la aina nyingine, yenye bomba fupi. Dipstiki aliikata mwenyewe ili ilingane nalo. Ile mpya ilikuwa ya aina iliyoandikwa ubavuni mwa lori, ndefu kupita bomba hilo. Ilizama mpaka chini, kwa hiyo ilitoka imelowa hadi kwenye alama hata oili ikiwa imepungua.

Kesho yake Spea alikuja, akasikia, akashika kichwa.

"Sasa kwa nini hakusema?"

"Alisema, Kaka," binti alimjibu. "Wewe ukammalizia."

Spea alilia, na hakuwa akiigiza. Alitafuta giaboksi ya aina ile kila duka, kila gereji, akakosa. Hazitengenezwi tena. Lori likaburutwa kwa mnyororo kwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Binti yangu alipata kazi ya kuendesha lori la watu, safari za mbali. Siku hizi tunamwona kwa nadra.

Spea ndiye anayempeleka baba yake kliniki sasa. Gari lake linanukia vizuri, na ameweka mto laini wa mgongo. Hachelewi hata mara moja. Mimi nakaa nyuma, namsikia anavyozungumza njia nzima.

Juzi mtaalamu alimshika mume wangu mkono, akainama hadi macho yao yakalingana.

"Mzee, mazoezi ya maneno yanakwendaje?"

Mume wangu alimtazama. Akafungua mdomo.

"Yanakwenda, dada," Spea akasema. "Anajitahidi sana."

Mume wangu akaufunga.