Maji ya Zamani

Dobi aliamini jambo moja tu maishani: hakuna kitu kisichofaa kufuliwa. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amefua mashuka ya nyumba za wageni na makoti ya madaktari, mpaka mtaani wakamwita Povu. Mkewe alizoea kumtania kwamba hata mvua angeifua, ni vile tu haitulii.

Mkewe huyo alikuwa na wiki saba hospitalini. Alhamisi daktari alimwita Povu pembeni, akamwambia dawa zimegonga mwamba. Amchukue nyumbani Jumamosi, wakae pamoja hizo wiki mbili, labda tatu, zilizobaki. Mgonjwa aliomba jambo moja: kitanda kiwekwe sebuleni, kando ya tangi la samaki.

Walikuwa kumi na wawili, wale ambao wauzaji huwaita neoni, wadogo kuliko kidole cha mwisho, mstari wa buluu ubavuni na wekundu mkiani. Hawakuwa na kiongozi. Mmoja akigeuka, wote wamegeuka. Wiki zote saba Povu aliwalisha kama mkewe alivyomwelekeza, chembe za kushikwa kwa ncha za vidole viwili, asubuhi na jioni. Lakini maji yalikuwa yamepata rangi ya chai nyepesi na kioo kimeota utando wa kijani. Mgonjwa wake arudi alale akitazama uchafu? Thubutu!

Ijumaa asubuhi aliwahamishia samaki kwenye ndoo, akamwaga maji yote mpaka tone la mwisho. Akasugua kioo. Akaloweka changarawe kwenye dawa ya kung'arisha mashuka, akaisuuza mara tatu kama nguo za mtoto mchanga, kisha akajaza maji ya bomba na kuwarudisha. Tangi liling'aa. Alijisifu mwenyewe, maana hapakuwa na wa kumsifu.

Kufikia adhuhuri, saba walikuwa wakielea ubavu. Akatoka mbio na kandambili zake hadi kwa muuza samaki.

"Mzee wangu, maji *yote*?" Muuza samaki alishika kichwa. "Unatoa robo tu! Yale ya zamani ndiyo yaliyokuwa yanawalea. Umeyapeleka wapi?"

"Nimeyamwaga."

Maji yakimwagika hayazoleki. Hilo hata dobi analijua.

"Basi nipe wengine kumi na wawili. Mgonjwa wangu anarudi kesho."

"Nikikupa nitakuwa nakuuzia mizoga. Tangi hilo liache litulie kwanza, wiki nne hivi."

"Wiki nne sina," Povu alisema, na hapo hapo dukani akalia, mtu mzima na kipara chake. Muuza samaki alimpa chupa ya dawa ya kupunguza makali ya maji, akakataa kulipwa.

Jumamosi alibaki mmoja. Alisimama kwenye kona ya tangi, rangi imemtoka.

Mkewe alilazwa kwenye kitanda cha sebuleni, mwepesi kama nguo iliyokauka. Alitazama tangi kwa muda mrefu. Kisha akauvuta mkono wa mumewe, akaunusa.

"Umewafua," alisema.

"Nisamehe, mke wangu. Nilitaka uwaone vizuri."

Alicheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi. Povu alimpa maji, akangoja lawama. Zisingemuuma kama yaliyofuata.

"Mimi? Mimi nawatazama wa nini, na hizi siku zangu za kuhesabu? Nilitaka nikuone ukiwalisha, nijue umeshajua. Ili nikiondoka, ukirudi kutoka kazini, ukute nyumbani kuna wa kukungoja."

Povu alisogea kwenye tangi. Saa ya chakula ilikuwa imefika, na mkewe alikuwa akimtazama. Akashika chembe kwa ncha za vidole viwili, akazinyunyiza juu ya maji. Zilizama taratibu, zikapita mbele ya yule samaki, naye hakugeuka.