Mgombea Aliyesifiwa Kupita Kiasi

Chepkurui alikuwa na imani moja kuhusu vyama vya siasa, na sidhani kuna wa kumlaumu: aliamini chama humpa pesa mtu anayependwa. Kwa hiyo aliposikia kwamba chama kinamtuma mtu aje aangalie kama rafiki yake Monicah anafaa kupewa pesa za kampeni, hakulaza damu. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia majirani wafike Alhamisi kwenye kituo cha kukusanyia majani ya chai, saa ya kupima, na kila atakayeulizwa amsifu Mama Apiyo mpaka sauti imkauke.

Mama Apiyo ndiye huyo Monicah. Alizaliwa upande wa ziwa, akaolewa na Gordon, fundi wa mitambo kiwandani, akaletwa huku karibu na Kaplong angali msichana. Miaka mingi alikuwa karani wa mizani katika kituo hichohicho. Karani wa mizani akitaka anaweza kukuibia kilo huku anakuchekea, lakini Monicah hakula kilo ya mtu. Shida yake ilikuwa ulimi. Ukimletea majani yaliyokomaa, alikurudishia gunia lako mbele ya watu na kukueleza sababu kwa sauti ya kusikika barabarani. Sasa alikuwa anawania kiti cha MCA, mwakilishi wa wadi, Mjaluo katikati ya Wakipsigis, na wajuaji wa siasa walishamcheka.

Kilichomnyima Chepkurui usingizi hakikuwa kiti. Gordon alikuwa anastaafu mwaka huo, na alikuwa amesema bila kuficha: chama kikimwamini mke wake, watakaa. Kikimkataa, yeye hatamwaga kiinua mgongo chake kwa watu wasiowataka. Watahamia Nyakach, kwenye shamba la baba yake, na mabati ya nyumba alishayalipia. Monicah alikubali.

Chepkurui alikuwa amezaa, amelea na kumzika mume, na muda wote huo Monicah alikuwa ng'ambo ya ua. Kila asubuhi Chepkurui alimwita kwa chai kabla hata ya kunawa uso. Alimpenda, basi, na wazo la kuuona mlango wa Monicah umefungwa kwa kufuli lilimuuma kifuani.

Alhamisi ilifika na mtu wa chama akafika. Aliitwa Kebaso, mtu wa Kisii hapo jirani tu, ingawa Nairobi ilikuwa imemsahaulisha viatu vya matope. Alikuwa ameomba mgombea asiwepo, na Monicah alikuwa mazishini upande wa pili wa wadi. Gordon alikuja. Alisimama nyuma kabisa, kando ya tangi la maji, mwavuli mkononi, bila kusalimia watu vizuri.

Lori lilikuwa limechelewa kama kawaida yake, na wakulima walikuwa wamekalia magunia. Kebaso alipita katikati yao akiuliza, anabofya simu, anauliza tena.

"Hiyo maneno sisi tulishamaliza," alisema mzee Joab. "Mama Apiyo ndiye MCA. Imebaki tu kuapishwa."

"Na mpinzani wake?"

"Mimi hata simjui," alisema Priscah, mama wa ng'ombe wengi. "Na ni binamu ya bwana yangu."

Ikawa hivyo kutoka gunia hadi gunia. Kuna mmoja aliyesema alikuwa anamwombea Monicah hata kabla hajatangaza kugombea. Chepkurui alisimama kando ya mizani, mikono kifuani, anajaribu kutotabasamu. Moyoni alikuwa ameshaanza kupika pilau.

Kebaso aliirudisha simu mfukoni. "Mama, mmenirahisishia kazi. Huyu ameshinda. Chama hakina haja ya kuweka pesa hapa."

"Ati nini?"

"Viti ni vingi na pesa ni kidogo, mama. Kiti kilichopotea hatuweki kitu. Kiti tulichokwisha kushika pia hatuweki kitu. Pesa inaenda pale mambo ni nusu kwa nusu." Alimwonea huruma kweli. "Nilikuja nikijua hiki ni cha kupotea. Kumbe ni cha kushinda. Lakini jibu linabaki lile lile."

Hivyo ndivyo vyama hufikiri, na ukikaa chini ukatulia utaona kuna akili ndani yake. Chepkurui hakuwa na nafasi ya kutulia. Aliona kufuli mlangoni.

"Ngoja kwanza," alisema. "Si wote wanampenda. Huyo mama ana mdomo mbaya. Mimi alinirudishia majani hapa hapa, watu wote wakiona. Nililia."

"Yalikuwa yamezeeka," alisema Priscah.

"Ana maringo pia."

"Maringo gani? Ni wewe ulileta kuni ukasema ni chai."

Watu walicheka. Chepkurui akahisi jasho mgongoni. Lilibaki neno moja tu, lile ambalo wapinzani walikuwa wanalipitisha chini chini sokoni, na alilitoa huku midomo ikimkatalia. "Na ni mgeni. Kwao si hapa. Kwao ni Nyakach."

Kicheko kilikatika. Mzee Joab aliinuka kwenye gunia lake polepole.

"Nani mgeni? Chepkurui, leo umekunywa nini? Huyo mama amepima chai yangu mpaka nikasomesha watoto. Rudisha hiyo neno."

"Rudisha," wakasema wengine. Priscah alimtazama rafiki yake wa miaka yote kana kwamba hamjui.

"Nimerudisha," alisema Chepkurui, machozi yakimtoka.

Kebaso aliagana nao kwa adabu na kwenda zake. Lori likaja, magunia yakapakiwa, mvua ikaanza, na mtu hata mmoja hakumsemesha Chepkurui. Aliyemfuata chini ya paa la kituo alikuwa Gordon.

"Shemeji, nimeharibu," alisema Chepkurui kabla hajaulizwa. "Nilitaka tu mkae."

Gordon alikunja mwavuli. "Hawa watu, uliwapanga?"

Hakuwa na nguvu ya kudanganya. "Niliwaambia wamsifu."

"Na pale ulipomuita mgeni, uliwaambia wakukatalie?"

"Hapana," alisema Chepkurui. "Hiyo sikuipanga."

Gordon aliubana mwavuli kwapani. Kisha akatoa simu, akapiga, akaongea Kijaluo kwa sauti ya chini. Katika maneno yote yale Chepkurui alishika moja tu, mabati, na likamkata maini.

"Unamwambia fundi wa Nyakach aanze kujenga?"

"Namwambia ayauze." Alirudisha simu mfukoni. "Hizo pesa zitalipa mawakala wa vituo vya kura. Watu wakinitetea hivyo mke wangu na hayupo, naenda Nyakach kutafuta nini?"

Chepkurui alijifuta uso kwa leso. Gordon akamfungulia mwavuli watoke.

"Na yale majani yako, shemeji," alisema walipofika barabarani. "Siku ile Monicah alirudi nyumbani akalia pia. Lakini alisema yalikuwa mabaya sana."