Saa Nane ya Mama Mdogo

Mwanga uliingia chumba cha pasi ukaupasua mvuke, mama mdogo, ukapakuta pako patupu. Miaka kumi na tisa ulisimama pale. Mwanga haukuchelewa. Wewe hukuchelewa. Nani basi alichelewa?

Ulidai glavu, viganja vinaungua. Ofisi ikakuita kikaoni ujitetee. Barua ikasema: saa 8:00. Ukaisoma kama jua lilivyotufunza, saa nane, mchana, kivuli kimeanza kurefuka. Ukavaa gauni la heshima. Ukafika.

"Mama, kikao kilikwisha asubuhi," karani akasema. "Saa nane ya ofisi ni saa mbili yenu."

"Yangu imekosa nini, mwanangu?"

"Imekosa ofisi." Akacheka, akakupa barua ya kukufukuza.

Cheka, karani. Mimi, mpiga pasi mwenzake, nilijisomea kitabu kisicho na jalada. Kinasema radi zikipiga ncha mbili za treni, aliye kando ya reli ataapa zimepiga pamoja. Aliye ndani ya treni ataapa ya mbele imetangulia. Wote wakweli. Hakuna "sasa" moja ya dunia nzima. Saa ya huku na saa ya kule hulinganishwa kwa kupelekeana mwanga, kisha kupatana. Kupatana! Tulipatana lini, ninyi wa ofisi na sisi wa pasi? Sijasahau king'ora cha kuingia kazini mlichokisogeza kilie kabla ya wakati, mkasema jua ndilo limechelewa. Mwenye nguvu mpishe: tumempisha mpaka migongo imegusa ukuta.

Lakini kitabu hichohicho kina ukurasa mkali. Jambo lililozaliwa halimtangulii mzazi wake. Panda treni uitakayo, kimbia utakavyo, hutamwona mtoto kabla ya mama.

Ukaja chumba cha pasi kuchukua kandambili zako. Nikaishika barua, nikaisoma kwa sauti, mvuke ukinipiga usoni: "Umefukuzwa kwa kutohudhuria kikao." Nikatazama tarehe.

Ilikuwa ya siku moja kabla ya kikao.

Kwa saa yako, kwa saa yao, kwa saa ya abiria wa treni: adhabu imezaliwa, kosa halijatungwa mimba!

Ukailaza barua mezani, ukainyoosha kwa kiganja chenye makovu, kama shuka.

"Kumbe hawakuwa wakiningoja," ukasema. "Haya. Sasa."

Tukaacha kazi sote, pasi ishirini na sita zikazimwa. Nani athubutu kutuambia ipi ilitangulia?