Aliyepanda Mlingoti

Filamu ile ya mabaharia ilikutwa ndani ya makopo yenye kutu, chini ya kanisa moja katika mji wa Bowie, Marekani, miaka hamsini baada ya kupigwa. Waigizaji karibu wote walikuwa Wamarekani weusi, na meli yenyewe ilikuwa ya kukodi. Baba yangu, Abdulsamad, baharia kutoka Pemba, ndiye aliyepanda mlingoti badala ya nyota wao, Leonard, aliyeogopa hata ngazi. Baba alianguka, akavunjika bega. Leonard akalifuta jina la Baba kwenye orodha ya waigizaji. "Refu mno," alimwambia. "Halienei."

Jumamosi mchana tulikwenda kuitazama. Nilitia kamba mkobani. Baba hakujua.

Kwenye filamu, mtu wa shati jekundu, mgongo kwetu, alipanda hadi juu kabisa, akajifunga kamba kiunoni kwa mkono mmoja. Watu wakapiga makofi. Ilipokwisha, Leonard, sasa mzee wa miaka themanini, akashika maikrofoni.

"Yote nilifanya mwenyewe. Siku hizo tulikuwa wanaume!"

"Baba, umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu. Kaa kitako."

Sikukaa. Mimi ninayeona haya hata kuagiza chai nilitembea mpaka mbele, nikampa ile kamba.

"Tuonyeshe fundo lile. Kwa mkono mmoja."

Akacheka. "Binti, nimezeeka."

"Hebu jaribu, babu!" mama mmoja wa safu ya mbele akamtania. "Au mlingoti ulipanda kwa lifti?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Leonard akaizungusha kamba kwa mkono wa kulia. Ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena. Sikumhurumia. Nilitaka ianguke tena.

"Yule wa kwenye filamu alifunga kwa kushoto," nikasema.

Kicheko kikakatika.

Baba alikuja polepole, bega moja limeinama. Akaichukua kamba, akaizungusha kiunoni mwake. Vidole vya kushoto vikapita chini, nyuma, ndani. Akavuta. Fundo likakaza. Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wanamtazama Leonard.

Leonard akamwinamia sikioni. "Samad. Nisamehe, ndugu yangu."

Baba akamsogezea maikrofoni mdomoni.

"Jina langu kamili," akasema. "Waambie hawa."