Jina la Katikati ya Sahani

Jumanne tarehe 14 Machi 1950, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, Anselme Gaubert alikuwa juu ya ngazi katika chumba cha kulia cha mama mmoja tajiri wa mtaa wa Passy, ameshika karatasi ya ukutani iliyolowa gundi. Redio ya jikoni ikabadilisha wimbo, naye akausikia wimbo wake.

Hakuufananisha. Ulikuwa wake, tangu noti ya kwanza hadi pale sauti inapopanda kama mtu anayeruka vidato viwili viwili. "Ghorofa ya Sita." Aliutunga kwa kodiani mwezi wa Novemba, ameketi ukingoni mwa kitanda cha mkewe, Odile. Naye Odile, aliyekwisha kushikwa na kikohozi kilichomzika Januari, akayaandika maneno kwa penseli nyuma ya mabaki ya karatasi za ukutani: mume na mke wanapanda ngazi kila jioni, kila ghorofa wana lao la kugombania, na wakifika juu hawakumbuki ugomvi ulianzia wapi. Sasa mwanamke mwenye sauti ya mkwaruzo alikuwa akiuimba mbele ya Ufaransa nzima. Moyo ulimdunda Anselme hata ngazi ikatikisika. Mpishi alishaanza kuufuatisha, na ndiyo kwanza ausikie.

Kisha mtangazaji akasema: maneno na muziki, Lucien Verdelet.

Anselme aliibandika karatasi yake bila kuitazama, akabandika na ya pili, na ya tatu. Ilikuwa ya kasuku wa kijani. Mwenye nyumba alipoingia, kasuku kumi na wanane walikuwa miguu juu, vichwa chini, wamepangwa sawasawa, wala huoni mshono.

"Kazi safi," mama akasema. "Ila ndege wangu umewaua."

Akafukuzwa palepale. Akaenda moja kwa moja kwa Verdelet, gundi ingali mikononi.

Verdelet alikuwa mchapishaji wa nyimbo. Hakuwa mwizi wa kuchomoa pochi. Huyo ungemshika mkono. Yeye alijua kanuni. Alimkalisha Anselme kitini, akamweleza kwa upole kwamba wimbo hauandikishwi katika chama cha watunzi ila na mwanachama, na mwanachama ni yule aliyefaulu mtihani. Anselme alipomletea wimbo baada ya mazishi hakuwa mwanachama, basi yeye alitia sahihi ili wimbo usije ukapotea. Sahani ya santuri ingetoka Mei, na karatasi yake ya katikati, ile yenye majina, ingepigwa chapa tarehe mbili. Anselme akifaulu kabla ya hapo, jina litabadilishwa. Aliahidi huku akitabasamu, maana alijua Anselme hasomi noti hata moja. Aliyekuwa akimwandikia noti zake zote ni Odile.

Na mtihani wenyewe ulikuwa hivi: unafungiwa chumbani peke yako, unapewa beti ambazo hujapata kuziona, utoke na muziki ulioandikwa. Kodiani huingii nayo. Aliyeitunga kanuni hiyo hakuwahi kuchezesha watu dansi hata Jumapili moja, lakini ndio hao hao wanaotutungia kanuni.

Zilibaki wiki tano. Ghorofa ya pili ya nyumba yetu, tuliyopanga pamoja na Anselme, aliishi Bi Cazenave, mwalimu wa piano, mwanamke mkavu wa miaka sabini ambaye hajawahi kumsifu mtu.

"Una miaka mingapi, Anselme?"

"Hamsini na mmoja."

"Wanafunzi wangu wana saba. Na wananawa mikono."

Katika kitabu alichompa hakuelewa kitu. Machoni pake noti zilikuwa kama kunguni. Jioni ya nne akapandwa na hasira, akachukua uzi wake wa chaki, ule wa kunyooshea karatasi, akapiga mistari mitano kwenye ukuta wa chumba chake, yote pamoja upana wa kitanda. Akakata noti kutoka kwenye mabaki ya karatasi na kuzibandika. Noti ya juu akaipandia ngazi. Hapo akaelewa! Kumbe muziki nao ni ukuta: unapima, unagawa, unaangalia mshono usipite pabaya.

Nyumba nzima ikaja kutazama. Bi Maugras, mlinzi wa lango letu, alipanda na supu ya vitunguu, akasimama katikati ya chumba, mkono kiunoni.

"Hiyo nyeusi imepinda."

"Ni robo noti, Bi Maugras."

"Robo au nzima, imepinda."

Ilikuwa imepinda kweli. Ilipofika Pasaka alikuwa anausoma ukuta wake kutoka mlangoni hadi dirishani bila kukwama, na Bi Cazenave alisema, "Si vibaya," halafu akashuka haraka kabla hajaulizwa alichosema. Nje, wimbo ulikuwa umeshika mji. Mpeleka barua aliupiga mluzi, muuza nyama aliupiga mluzi, waezeka mabati waliupokezana toka paa hadi paa. Kila mluzi ulimchoma Anselme na kumpa mabawa papo hapo.

Alhamisi ya tarehe 20 Aprili wakamfungia. Beti zilikuwa za mbayuwayu na mnara wa kanisa. Saa nzima hakutoa kitu. Vidole vyake vilitafuta vitufe vya kodiani, havikuvipata. Alikuwa amevaa kizibao chake cha mazishi. Mkono wa kulia ukajipandisha wenyewe kifuani, kwenye vifungo vile alivyovishona Odile, ukaanza kuvibonyeza, huku na huku. Mbayuwayu akaruka. Anselme akaukodolea macho ukuta mtupu wa chumba kile, akaiona mistari yake mitano, akaandika asipumzike. Mwenyekiti wa watahini alipokuwa akiisoma karatasi, uso ulibaki wa jiwe, lakini chini ya meza kiatu chake kilikuwa kinapiga mapigo.

Barua ilifika Jumatano. Bi Maugras alidai ilijifungua yenyewe njiani. Alisimama chini ya ngazi akapaza sauti, "Amefaulu!" na milango ya ghorofa zote sita ikafunguka kwa mpigo mmoja.

Kesho yake Anselme na Bi Cazenave walikuwa mbele ya meza ya Verdelet. Tabasamu halikuwepo tena. Verdelet akafuta kwenye nakala ya karatasi ya katikati, akaandika: Muziki, A. Gaubert.

"Na maneno," Anselme akasema.

Verdelet akaeleza, kwa upole uleule, kwamba maneno yana mtihani wake mbali. Hakukataa kwamba ni ya marehemu. Lakini mtunzi hufanya mtihani mwenyewe, hafanyiwi na mumewe. Sahihi ya maneno ingebaki yake. Kanuni si yeye aliyeiweka.

Anselme akatoa mfukoni kipande cha karatasi ya ukutani, maua upande mmoja, penseli ya Odile upande wa pili. Akakilaza mezani, akakinyoosha kwa kiganja kuanzia katikati kwenda pembeni, polepole, kama anayetoa hewa isije ikavimba. Kalamu ya Verdelet ilikuwa bado hewani. Chini uani mtu alikuwa akipiga mluzi, anakaribia pale sauti inapopanda.

"Sawa, Bwana Verdelet. Basi niambie, huo mtihani wake Odile ataufanyia chumba gani?"