Turubai la Shevrole Nyeusi

Siku hiyo ya soko Baraka, mwaka wa 1957, Saumu alikuwa ametandaza ndakala zake, dagaa wa ziwani, kwenye mkeka aliposikia watu wakishangilia barabarani. Motokari nyeusi ilikuja polepole kutoka njia ya Uvira, ikasimama mbele ya duka la chumvi. Ilikuwa Shevrole ya zamani. Gari za umri ule alizozijua Saumu zilikuwa mabati matupu yenye kutagiwa na kuku. Hii mataa yake yaling'aa, na kutu haikuonekana popote.

Watu walijitazama usoni kwenye milango yake. Saumu alitazama turubai la juu. Aliwaacha wateja, akapenya katikati ya watu, akaligusa.

"Mama, polepole," alisema mwenye gari. Jina lake Fabien, mchuuzi wa mawese, amefunga tai kwenye joto lile. "Naipangusa mi mwenyewe kila asubuhi. Hata bibi yangu wa ndoa haigusi."

"Mi niliigusa kabla yako, baba. Huu mushono ni wangu."

Watu wakacheka. Fabien naye akatabasamu.

"Mama, mzungu mwenye aliniuzia alisema turubai walishona kule Bulaya."

Saumu hakucheka. Alikuwa na miaka kumi na saba siku gari hilo lilipofika mara ya kwanza, mvua ikinyesha, turubai limepasuliwa na tawi. Fundi cherehani alivunja sindano tatu akaacha. Mzungu mwenye gari akapelekwa kwa Yunusu, mshona nyavu, lakini Yunusu alikuwa kitandani na homa. Binti yake, Saumu, ndiye aliyeshona, siku mbili mfululizo, kwa sindano ya nyavu na uzi wa nyavu aliouchovya kwenye tope jeusi. Mzungu aliondoka bila kumuuliza jina.

"Ingia ndani," Saumu alimwambia Fabien. "Kona ya nyuma, kushoto. Pindua upindo. Utakuta mafundo sita ya wavu, na la mwisho limefungwa mara mbili. Cherehani haiwezi kufunga vile."

Fabien aliingia, akapiga magoti juu ya kiti. Watu wakasogea karibu. Walimsikia akihesabu, halafu akarudia kuhesabu. Alipotoka alikuwa ameshika kofia mkononi.

"Iko sita," alisema. "Mama, miaka hii yote mvua haijaingia hata tone. Jina lako nani?"

"Saumu binti Yunusu. Wa hapa hapa Baraka."

"Basi kila mwenye kuuliza, nitamujibu vile."

Akamfungulia mlango wa mbele. Saumu alipangusa mikono kwenye kitenge, akapanda, akakaa wima. Walipita soko lote, wakashuka hadi ufukoni ambako wanaume walikuwa wakirekebisha nyavu. Mzee mmoja aliyemjua Yunusu alisimama na kupiga makofi. Saumu aliinua mkono kumpungia.

Tangu wiki iliyofuata, mashofere wa malori waliopita kwenda Fizi walianza kusimama sokoni wakiulizia mama wa turubai. Aliwapokea, akishona mbele ya watu wote. Na kila kazi aliimalizia kwa mafundo sita.